Nyumba ya Gershomu: Maisha ya Kila Siku ya Familia Katika Kazi ya Misioni Ugenini

Utangulizi

Katika sharika zetu ipo desturi njema ya kumuaga mtumishi anayetumwa kufanya kazi ya misioni nje ya nchi. Huitwa mbele ya madhabahu, hupiga magoti, huwekewa mikono, na kwaya humwimbia. Mke wake husimama hatua chache nyuma yake akiwa amembeba mtoto mdogo, nao watoto wakubwa hubaki kwenye benchi la mbele. Sala ndefu huombwa kwa ajili ya kazi anayoiendea, na karibu na mwisho wa sala hiyo huongezwa maneno matatu: "na familia yake". Makala hii yahusu maneno hayo matatu.

Nakusudia kueleza jinsi maisha ya kawaida ya nyumbani yalivyo kwa familia iliyo ugenini kwa ajili ya Injili, na kwa nini jambo hilo ni la kitheolojia na wala si la kiutawala tu. Hoja yangu ni kwamba familia si mzigo wa mmisionari, wala si pambo la kazi yake. Ni mahali pa kwanza ambapo Injili anayoihubiri huonekana au hufichika. Kwa hiyo kanisa linapomtuma mmoja limewatuma wote, na lina deni kwa wote.

Somo hili lina uzito mpya kwetu. Zamani neno "mmisionari" lilitufanya tumfikirie Mzungu aliyefika kwa meli. Lakini KKKT, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, leo ni kanisa linalotuma pia. Tangu mwaka 1996 shirika la UEM lenye makao yake Wuppertal limekuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na watumishi hutoka Kusini kwenda Kaskazini, na Kusini kwenda Kusini. Baadhi yao huajiriwa kwa mkataba, na wengine huenda kwa kujitolea wakipewa posho ya kujikimu tu. Mimi na mke wangu, pamoja na watoto wetu watatu, tuliishi miaka mitatu katika mji mdogo nchini Ujerumani kwa utaratibu huo wa kujitolea. Baadhi ya ninayoandika hapa nimeyapata katika Maandiko na historia, na mengine nimeyapata jikoni kwetu huko.

Musa, Sipora na Yethro

Tunapotafuta msingi wa Biblia kuhusu familia ya mjumbe, kwa kawaida tunakimbilia 1 Wakorintho 9:5, ambapo Paulo anataja haki ya mitume ya kusafiri pamoja na wake zao, au tunawataja Priska na Akila. Hayo ni mema. Lakini ipo habari nyingine ambayo twaipita haraka.

Katika Kutoka 2:22 Musa, akiwa mkimbizi Midiani, anampa mwanawe wa kwanza jina la Gershomu, kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Mtoto huyo anabeba katika jina lake hali ya baba yake. Musa anapoitwa, anamchukua Sipora na wanawe na kushika njia ya Misri (Kut. 4:20). Kisha twawapoteza njiani. Hatuwasikii katika habari za mapigo, wala Pasaka, wala kuvuka bahari. Ni katika sura ya 18 ndipo tunapoambiwa, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba Musa alikuwa amemrudisha mkewe kwao, na sasa Yethro mkwewe anamletea jangwani mke na wana wawili, Gershomu na Eliezeri.

Wafafanuzi wengi huitenganisha sura hiyo sehemu mbili: kufika kwa Yethro, na shauri lake kuhusu waamuzi. Yafaa tuzisome pamoja. Yethro anafika na familia ya Musa, na kesho yake anamwona Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mzee yule anasema kwamba jambo hilo si jema, kwa maana Musa atajichosha yeye na watu wake, na anamshauri agawe kazi. Aliyetoa shauri la kugawa kazi ndiye yule yule aliyemrudishia Musa watoto wake. Nadhani Yethro aliuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili kabla Musa hajauona.

Na matokeo yake kwa watoto? Maandiko hayatupi jibu moja. Katika Waamuzi 18:30 kuhani wa sanamu ya kabila la Dani anatajwa kuwa ni Yonathani, wa uzao wa Gershomu. Waandishi wa Kiebrania waliona aibu kubwa kuliandika jina la Musa mahali hapo, hata wakaining'iniza juu ya mstari herufi moja ili lisomeke "Manase". Lakini katika 1 Nyakati 26:24 yuko Shebueli, naye wa uzao wa Gershomu, aliyewekwa kuwa msimamizi wa hazina za nyumba ya Mungu. Andiko halisemi kwamba Yonathani alipotea kwa sababu babu yake alikuwa na kazi nyingi, nasi tusilitie maneno hayo. Latosha kutuonya kwamba wito wa baba haumpi mtoto imani kwa urithi.

Mafunzo ya historia

Historia ya misioni katika Afrika ya Mashariki ina makaburi ya familia mwanzoni kabisa. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha Kianglikana cha CMS. Mkewe Rosine alikuwa amekwisha kumzika njiani Abyssinia mtoto wao wa kwanza, aliyeitwa Eneba, yaani chozi. Mwezi Julai 1844 Rosine alijifungua tena Mombasa, naye akafa kwa homa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Maneno aliyowaandikia waliomtuma, kwamba kaburi lile ni alama ya kuanza kwa kazi katika sehemu hii ya dunia, yamehubiriwa mara nyingi. Sisemi kwamba hayana imani. Nasema tu kwamba tunayakumbuka maneno ya mume kuliko jina la mke.

David Livingstone alimwoa Mary Moffat mwaka 1845. Mwaka 1852 alimpeleka Uingereza pamoja na watoto wanne ili yeye apate kusafiri barani, nao hawakuonana hadi mwaka 1856. Mary alirudi Afrika, akafa Shupanga kando ya mto Zambezi mwezi Aprili 1862. Robert, mwana wao mkubwa, alifia Marekani mwaka 1864 akiwa askari mfungwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba anajuta, kwa kuwa alitumia nguvu zake zote kuwafundisha wengine, wala hakutenga muda wa kucheza na watoto wake.

Misioni zenyewe ziliona tatizo, zikalitatua kwa njia ya zama zile. Misioni ya Basel ilifungua nyumba ya watoto huko Basel mwaka 1853, na watoto wa wamisionari wa India na Afrika walipelekwa huko walipofikia umri wa kuanza shule. Wengine walikaa miaka mingi bila kuwaona wazazi wao. Baadaye zikaja shule za bweni hapa hapa Afrika, kama ile ya Kijabe nchini Kenya iliyoanzishwa mwaka 1906. Umbali ulipungua, ila mtoto alibaki kuwa mtu wa kutengwa ili kazi iendelee.

Kwetu Walutheri wa Tanzania kuna tukio moja linalostahili kufundishwa. Vita Kuu ya Pili iliwaondoa wamisionari wengi wa Kijerumani Tanganyika, na Sinodi ya Augustana ya Marekani ikachukua jukumu la kuzisaidia sharika zilizobaki. Tarehe 17 Aprili 1941 meli ya Kimisri iitwayo Zamzam ilizamishwa na meli ya kivita ya Kijerumani katika Atlantiki ya kusini. Kati ya abiria wake wapatao 200, zaidi ya nusu walikuwa wamisionari na familia zao. Humo alikuwamo Lillian Danielson pamoja na watoto wake sita, wakisafiri kumfuata mumewe, Elmer Danielson, aliyekuwa kazini Tanganyika. Watu wote waliokolewa. Tunapoeleza jinsi Augustana ilivyotusaidia, tusitaje mikutano na fedha pekee. Tumtaje pia mama aliyeingia katika mashua ya kuokolea na watoto sita.

Siku ya kawaida katika nyumba ya ugenini

Lakini familia nyingi za misioni hazizamishwi baharini. Huchoshwa na mambo madogo, na hayo ndiyo nataka kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni kwamba nyumba yetu ya nyumbani hubebwa na watu wengi. Kuna bibi, shangazi, msichana wa kazi, jirani anayemtazama mtoto huku mama akienda sokoni. Mnapofika ugenini watu hao wote hutoweka kwa siku moja, na kazi yao hubaki kwa wazazi wawili. Kwa kweli hubaki kwa mmoja, kwa sababu mwingine ana ratiba ya usharika.

Jambo la pili ni kutolingana kwa nafasi. Mimi nilikuwa na ofisi, cheo na watu walionisubiri. Nilialikwa kuhubiri, kuongea shuleni, na kuonyesha picha za Kilimanjaro. Mke wangu ni muuguzi mwenye uzoefu, lakini vyeti vyake havikuweza kutumika huko bila lugha na mitihani mipya. Hapa nyumbani alikuwa mama mchungaji na mkuu wa wodi. Kule alikuwa mwanamke asiyejua kumuuliza mwenye duka mahali chumvi ilipo. Wakati wa baridi giza liliingia kabla ya saa kumi na moja jioni, nami mara nyingi nilirudi saa nne usiku.

Jambo la tatu ni fedha. Posho ya kujitolea hutosha chakula na nauli ya basi. Ndugu nyumbani hawawezi kuamini hivyo. Aliye Ulaya ni tajiri. Kila juma zilikuja simu za ada, za matibabu, za bati la nyumba. Kukataa ni kuonekana umewasahau wenzako, na kukubali ni kupunguza viatu vya watoto katika baridi. Mizozo yetu mingi ya miaka ile ilihusu simu hizo.

Katika majira ya baridi ya pili, baada ya watoto kulala, mke wangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba watoto, wewe umetumwa kwa watu hawa. Mimi na watoto tumetumwa kwa nani?" Nilianza kumjibu kwa maneno ya semina. Alisikiliza kwa adabu, akaenda kukunja nguo.

Miezi miwili baadaye mama mkwe wangu alifariki. Tulikuwa na fedha za tiketi moja. Mke wangu akaenda kumzika mama yake peke yake, nami nikabaki na watoto kwa majuma matatu. Nilifuta mahubiri manne na safari moja ya kusemina. Nikajifunza kwamba shule ya msingi huko huisha mchana na kwamba mtoto wa chekechea asiye na suruali ya mvua hurudishwa darasani wenzake wakicheza nje. Nilijua pia, kwa mara ya kwanza, kwamba binti yetu wa kati alikuwa amemaliza miezi karibu mitano bila kusema neno lolote darasani. Mama yake alikuwa ameniambia mara mbili. Sikuwa nimesikia.

Katika majuma yale matatu watu walianza kubisha hodi. Walikuwa majirani, si wanakamati ya misioni. Mzee mmoja mjane wa ghorofa ya chini, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani kwetu, alileta supu kwa kuwa aliniona nikianika nguo vibaya. Tulizungumza juu ya kufiwa, naye akaniuliza Wakristo wa kwetu huombaje makaburini. Sijafanya mazungumzo ya misioni yaliyo bora kuliko hayo katika miaka yote mitatu. Luther alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa, miaka mitatu kabla ya yeye mwenyewe kuoa, kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani anampendeza Mungu, hata kama watu watamcheka. Nilikuwa nimelifundisha fungu hilo darasani mara nyingi kama mfano wa mafundisho ya wito.

Watoto: lugha, shule na utambulisho

Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Kimarekani, alianza katika miaka ya 1950 kuwaita watoto wa namna hii "watoto wa utamaduni wa tatu". Wa kwanza ni utamaduni wa wazazi, wa pili ni wa nchi wanamoishi, na wa tatu ni ule wanaoushiriki wale wanaoishi kati ya hizo mbili. Watoto hao mara nyingi hujua lugha nyingi na huwaelewa wageni upesi. Lakini swali la "kwenu ni wapi?" huwapa shida.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu tulipoondoka. Katika mwaka wa pili alisikia Kiswahili vizuri, ila alijibu kwa Kijerumani. Mara ya mwisho bibi yake alipoongea naye kwa simu alimwuliza amekula nini, naye akajibu kwa furaha kwa lugha ambayo bibi hakuijua. Bibi akanyamaza, kisha akaomba apewe mama. Baada ya mazishi tuliamua kwamba ibada ya jioni nyumbani itakuwa kwa Kiswahili, kila siku, hata kama ni ya dakika kumi. Tulitumia Mwimbieni Bwana na Katekismo Ndogo. Tusisahau kwamba Luther alipoitoa Katekismo hiyo mwaka 1529 alikusudia mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kwa familia iliyo ugenini ibada hiyo hulinda imani na lugha kwa pamoja.

Kurudi nyumbani kuna ugumu wake, na wengi hawautegemei. Mtoto wetu mkubwa alirudi akiwa amebakiwa na mwaka mmoja kabla ya mtihani wa darasa la saba, akiwa hajasoma historia wala uraia wa nchi yake. Wenzake walimwita Mzungu. Alifaulu, lakini kwa machozi. Usharika ulitufanyia karamu siku ya kwanza. Siku ya ishirini hapakuwa na mtu aliyeuliza lolote.

Wajibu wa kanisa linalotuma

Kutokana na haya napendekeza mambo machache kwa dayosisi na vyuo vyetu:

(a) Wito usikilizwe kwa wote wawili. Mke, au mume, wa anayetumwa aitwe na kuulizwa peke yake, naye awe na uhuru wa kusema bado.

(b) Nafasi ya mwenzi ijadiliwe kabla ya safari: je, atakuwa na kazi, masomo, au nyumba tu? Yoyote kati ya hizo yaweza kuwa njema, mradi isiwe ya kushtukiza.

(c) Mafunzo ya lugha yagharimiwe kwa wote wawili kwa kiwango kimoja.

(d) Bajeti iwe na nauli ya dharura kwa msiba wa wazazi wa pande zote mbili. Kwetu sisi Waafrika kuzika si jambo la hiari.

(e) Familia iwe na mchungaji wake, ambaye si msimamizi wa kazi ya mmisionari.

(f) Kurudi kupangwe kama kwenda kulivyopangwa, hasa shule ya watoto, na familia itembelewe katika mwaka wa kwanza.

Kwa mtumishi mwenyewe nina neno moja. Atenge jioni moja ya juma na ailinde kama anavyolinda Jumapili. Kama kazi haiwezi kumpa jioni hiyo, basi amtafute Yethro wake na amsikilize.

Hitimisho

Wana wa Musa walikuwa wawili. Jina la wa kwanza lakumbusha ugeni. La wa pili, Eliezeri, lakiri kwamba Mungu wa baba yake ndiye msaada. Kila nyumba ya misioni ina watoto hao wawili. Kanisa haliwezi kuwaondolea watumishi wake ugeni, lakini laweza kuwa mkono wa ule msaada.

Juzi tulimuaga mhitimu wetu mmoja anayekwenda nchi jirani pamoja na mkewe na mtoto. Nilipewa kuongoza sala. Niliwaomba wote watatu wapige magoti pamoja, na nikamwuliza mama jina la mtoto kabla sijaanza.